Homa ya Ini C: Usimtenge Mpenzi, Tenga Wembe!

Mwezi huu naomba tuziweke pembeni kidogo habari za sare za sendofu na wanaume wasiopokea simu usiku, tuzungumzie ini. Ndiyo, ini lenyewe, lile ambalo mpenzi akikuumiza unasema amekukata maini. Kumbe kuna ugonjwa unaolikata kweli, kimyakimya, miaka nenda miaka rudi, na siku unapojulikana unaweza kukata na uchumba pia.

Nasema hivyo kwa sababu ya barua niliyoipata. Aliyeandika ni dada wa miaka 29, yuko Dar es Salaam, na amenipa ruhusa niitumie barua yake ila jina nilifiche. Amechumbiwa, mahari imeshatolewa, kamati ya harusi imeshakaa vikao viwili. Yeye na mchumba wake wakaenda kupima afya kama wachumba wanavyoshauriwa siku hizi. Ukimwi, wote salama. Kaswende, salama. Homa ya ini B, salama. Kufika kwenye C, mwanaume hana, karatasi ya dada ikaonyesha anayo.

Mchumba hakupiga kelele. Alikwenda akamwambia mama yake. Jumapili iliyofuata dada alipokwenda kusalimia ukweni akakuta kikombe chake kimewekwa peke yake, cha plastiki, na sahani ya plastiki, wakati wengine wote wanakula kwenye vyombo vya udongo. Chai akainywa hivyohivyo. Aliyemtoa machozi ni wifi yake, alipomuuliza mbele za watu, tena kwa sauti ya upole kabisa, eti huo ugonjwa kauokota kwa nani.

Mwisho wa barua ananiuliza mambo matatu. Je, atamwambukiza mumewe kitandani? Je, akizaa, mtoto atakuwa salama? Na la tatu, ambalo ndilo linamnyima usingizi: ameupata wapi wakati hajawahi kuwa na mwanaume mwingine zaidi ya huyo? Maana mchumba naye, ingawa hajatamka, macho yake yanauliza hilohilo.

Mimi si daktari jamani, mimi ni mhariri. Lakini barua kama hii huwezi kuijibu kwa pole tu. Nimesoma, nimeuliza, na haya ndiyo niliyomwandikia, pamoja na mengine ambayo hakuyauliza.

Nianze na jina, kwa sababu naona fitina yote imeanzia hapo. Sisi tunasema "homa ya ini" tunamaliza, kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Wengine wanachanganya hata na homa ya manjano, ambayo ni kitu kingine kabisa na huletwa na mbu. Ukweli ni kwamba virusi vya homa ya ini vinavyojulikana zaidi ni vitano, vimepewa herufi kuanzia A mpaka E, na kinachoviunganisha ni kwamba vyote vinakimbilia kiungo kimoja. A na E huingia kwa mdomo, kupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. B hupita kwenye damu na majimaji ya mwili, ndiyo maana ngono ni mojawapo ya njia zake, na mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa. D hawezi kufanya lolote bila kumpata B kwanza. C ni wa damu. Damu yenye kirusi mpaka ipate njia ya kuingia kwenye damu yako, basi.

Sasa angalia kilichotokea. Mama mkwe kasikia homa ya ini, kaitenda kama ni A, katenga kikombe. Wifi kaitenda kama ni B, kauliza ni nani. Dada wa watu kaadhibiwa kwa makosa ya virusi viwili ambavyo hanavyo! Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba C haienezwi kwa chakula wala maji, wala kwa kukumbatiana, kubusiana au kuchangia chakula na kinywaji na mgonjwa. Kikombe cha plastiki hakikumkinga mtu yeyote na kitu chochote.

Turudi kwenye swali lake la usingizi: kaupata wapi? Hapa naomba twende kwanza Misri, kwa sababu nchi hiyo imeishi na swali hili kuliko nchi nyingine yoyote.

Misri ina Mto Nile, na Nile ina kichocho, kilekile tunachokijua sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Kuanzia miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali yao iliendesha kampeni kubwa ya kuwatibu wakulima kichocho. Wakati huo hapakuwa na vidonge hivi wanavyopewa watoto wetu shuleni. Dawa ilikuwa ya kudungwa kwenye mshipa, tena siyo mara moja, ni sindano nyingi kwa mgonjwa mmoja. Bomba zilikuwa za kioo, foleni ndefu, maji ya kuchemshia hayakupewa muda wa kutosha, sindano ikatoka kwa huyu ikaenda kwa yule. Kirusi cha C hakikuwa na jina wakati huo, kilikuja kugunduliwa mwaka 1989. (Wanasayansi watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2020 kwa kazi hiyo.) Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta karibu Wamisri 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59 wana dalili kwenye damu kwamba waliwahi kukutana na C. Wakulima wale hawakuokota kwa mtu. Walikwenda kutibiwa.

Na usidhani ni mambo ya wakulima tu. Anita Roddick, yule mama wa Uingereza aliyeanzisha maduka ya vipodozi ya The Body Shop, alimzaa binti yake mdogo mwaka 1971 akaongezewa damu hospitalini. Akaendelea na maisha, akajenga biashara, akazunguka dunia. Mwaka 2004 kipimo cha damu kikamwambia ana C. Zaidi ya miaka 30 alikuwa nayo na hajui! Aliitangaza mwenyewe Februari 2007, akafariki Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 64, kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Mama mwenye pesa zake na madaktari wake, kaupata kwenye kitanda cha uzazi.

Ndiyo tabia ya C hiyo. Watu wengi wanapoambukizwa hawasikii chochote. Wachache wanachoka, wanapoteza hamu ya kula, macho yanakuwa ya manjano, kisha inapita. Baada ya hapo kirusi kinakaa kwenye ini miaka 10, 20, 30, kinalijaza makovu taratibu. Kwa hiyo kumuuliza mtu wa miaka 29 umeupata kwa nani mwaka huu ni swali lisilo na kichwa wala miguu. Muulize mama yake.

Nilimwambia dada huyo afanye hivyo, na mama akakumbuka. Alipokuwa na miaka minne aliugua malaria, damu ikapungua sana, akaongezewa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati damu ya kuongezewa ilikuwa haijaanza kupimwa C katika kila hospitali ya Afrika. Akakumbuka na lingine: bibi yake aliwatoga masikio wajukuu watano siku moja, sindano moja na uzi wake. Ni ipi kati ya hizo? Hakuna atakayejua, na haina haja. Ninachotaka mchumba akione ni kwamba zote mbili zilitokea kabla huyo bibi harusi hajajua kusoma.

Siku hizi damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama inapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Njia kubwa ya C inayobaki duniani ni sindano zisizo salama, na hasa kuchangia bomba kwa wanaojidunga unga. Hapa kwetu tusijifanye hatuwajui. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wanawake mateja wa Dar es Salaam walikuwa wakijidunga damu iliyovutwa kutoka kwa mwenzao aliyekwishajidunga, wakiamini imebaki na dawa ya kutuliza arosto. Yule mwenye nacho alimpa asiye nacho, kwa huruma. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na teja anayekunywa dawa yake kikombeni hana haja ya bomba la mtu. Kama una kaka au dada wa namna hiyo, mpeleke badala ya kumfungia mlango.

Haya, tuingie chumbani sasa, najua wengi mmeruka mpaka hapa.

Mwaka 2013 watafiti wa California walichapisha uchunguzi wa wapenzi 500, mwanamke na mwanaume, ambao mmoja wao ana C na wako pamoja kwa miaka mingi, nusu yao miaka 15 na zaidi. Wenzi 20 walikutwa nao wamewahi kuambukizwa. Lakini walipolinganisha virusi vyenyewe, ni kwa wapenzi watatu tu ambapo vilifanana kiasi cha kusema huenda mmoja kampa mwenzake. Wengine walikuwa wameupata kwa njia zao. Wakapiga hesabu, wakapata maambukizi mara moja katika kila mara 190,000 hivi za kukutana kimwili. Chukua kalamu: kila siku ya Mungu, bila kupumzika hata Kwaresima wala Ramadhani, ni zaidi ya miaka 500. Hata wale wanaojisifu vijiweni hawafiki!

Hiyo siyo sifuri, na sitaki mtu aninukuu vibaya. Hesabu ile ni ya wawili waliotulia, na watafiti hawakuwachanganya wenye virusi vya Ukimwi. Hatari inapanda pale damu inapoingia kati: mapenzi ya nguvu yanayochubua, kujamiiana kwa njia ya haja kubwa, vidonda sehemu za siri, mwenzi mwenye virusi vya Ukimwi, au kuwa na wapenzi wengi. Hapo kondomu, bila mjadala. Kwa wanandoa waliotulia, madaktari wengi hawawalazimishi kondomu, wanawaachia wenyewe wazungumze. Ushauri wangu kwa dada: itumieni mpaka umalize matibabu, na siku za hedhi pumzikeni. Siyo kwa sababu hatari ni kubwa. Ni kwa sababu mwanaume mwenye wasiwasi kitandani ni adha, na wasiwasi una tabia ya kugeuka chuki.

Kuhusu mtoto: mama mwenye C asiyetibiwa, kati ya watoto 100 kama 5 au 6 hivi huambukizwa, na idadi inapanda kama mama ana virusi vya Ukimwi pia. Kwa hiyo wengi wanazaliwa salama, lakini kama hujabeba mimba, tibiwa kwanza, maana kwa kawaida dawa zake hazitolewi wakati wa ujauzito. Kunyonyesha hakuna shida. Ikitokea chuchu zimepasuka zinatoa damu, simamisha mpaka zipone. Na mkimpima mtoto mchanga kwa kipimo kile cha kawaida mkaambiwa anayo, msianze kulia, kwa sababu kingamwili za mama hukaa kwenye damu ya mtoto hata miezi 18. Daktari atawaambia kipimo gani kinafaa na lini.

Hapo kwenye kingamwili ndipo nilipotaka kufika, maana barua ya dada ilikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekigusa, si yeye, si mchumba, si ukweni. Karatasi yake ni ya kipimo cha kwanza tu.

Kupima C kuna hatua mbili. Ya kwanza inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na kirusi. Askari hawa wanabaki hata adui akiwa ameshaondoka. Na adui huondoka kweli: kama watu 30 katika kila 100 wanaoambukizwa wanajisafisha wenyewe ndani ya miezi 6, bila dawa yoyote. Hatua ya pili ndiyo inayotafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Mpaka hiyo ifanyike, karatasi inasema kitu kimoja tu, kwamba wakati fulani wa maisha yako ulikutana nacho. Yaani vikao vya kamati vimesimamishwa na vikombe vimetengwa kwa nusu ya jibu!

Nilimwambia aende akaombe kipimo cha pili. Amekwenda, na mchumba amemsindikiza, jambo ambalo nimelipenda. Mpaka tunakwenda mitamboni majibu yalikuwa hayajatoka.

Yakitoka mazuri, yamekwisha. Yakitoka na kirusi, anatibiwa, na hapa ndipo ninapowaomba mtoe vichwani habari za zamani. Miaka ile ya 2000 mgonjwa alidungwa sindano za intaferoni kwa muda unaofika karibu mwaka mzima, nywele zikapungua, homa juu ya homa, wengine wakazama kwenye huzuni, na waliopona walikuwa kama nusu. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kidonge cha sofosbuvir, na mambo yakabadilika. Leo ni vidonge, kwa kawaida wiki 12, wengine hufika 24, na zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 wanapona. Kupona kabisa, siyo kutuliza.

Bei ndiyo ilikuwa kichekesho cha kusikitisha. Kidonge kimoja dola 1,000, dozi nzima dola 84,000. Misri ilijadiliana, mwaka 2014 ikaipata kwa dola 900, kisha viwanda vyake vyenyewe vikaanza kutengeneza. Kati ya mwisho wa 2018 na Aprili 2019 walipima karibu watu milioni 50, waliokutwa na kirusi wakatibiwa bure, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kwa hatua yake kubwa ya kuitokomeza C. Nchi ileile ya bomba za kioo! Kwetu, bei na upatikanaji waulize kwenye hospitali ya rufaa, siyo kwa muuza dawa wa mtaani. Kabla ya kuanza vidonge hakikisha umepimwa B, kwa sababu dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala. Pombe acha. Na zile chupa za kusafisha ini zinazotangazwa kila kona sizishauri, mitishamba mingine yenyewe inaliumiza ini.

Mambo mawili watu hawapendi kuyasikia. Chanjo ya C hakuna, ile unayoisikia ni ya B. Na ukipona C huna kinga, unaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo wembe ni uleule.

Naam, wembe. C ni kirusi kigumu, kinaweza kukaa wiki kadhaa kwenye damu iliyokauka, hata tone usiloliona. Nyumbani kwako vitu vya kutenga ni vichache: wembe, mashine ya kunyolea, mswaki, mkasi wa kucha. Hivyo kila mtu awe na vyake, mgonjwa na asiye mgonjwa, mume na mke. Mashoga zangu wengi wananyoa kwapa kwa wembe wa mume halafu wanaogopa kikombe cha wifi!

Saluni nako. Kwenye kucha, yule kijana anapokata ngozi pembeni ya kidole mpaka damu ikachungulia, mkasi ule ulitoka kwa nani? Kuufuta kwa spiriti hakutoshi, na kile kiboksi chenye taa ya bluu usikitegemee. Nunua vifaa vyako, uviweke kwenye kipochi, umwambie atumie hivyo. Kinyozi vilevile, atumie wembe mpya uliofunguliwa mbele yako. Kwenye tatuu, usione haya kuuliza sindano mpya na wino uliomiminwa kwa ajili yako peke yako. Pamela Anderson, yule mrembo wa Baywatch, alitangaza mwaka 2002 kwamba ana C na akasema aliipata kwa kuchangia sindano ya tatuu na aliyekuwa mumewe. Mwaka 2015 akatangaza kwamba amepona. Chale za mganga na kisu cha ngariba sina haja ya kuvieleza, mnavijua.

Unayetaka kupima, ukifika maabara usiseme "homa ya ini" tu, maana wengi watakupima B wakuruhusu. Taja herufi. Sema B na C. Na ikionyesha C ipo, kabla hujampigia simu mtu yeyote, uliza kipimo cha pili kinafanyika wapi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.